Siku moja ya kula Liechtenstein

Dada, umeuliza kama inafaa kumlipa mtu akuzungushe kula Liechtenstein, nawe una siku moja tu ukitokea Zürich, Uswisi. Mimi ningesema hapana; hizo faranga ziishie kwenye sahani. Nchi ina kilomita za mraba 160 tu, na uwanja wa ndege haina: panda treni hadi Sargans, mji wa Uswisi ulio karibu na mpaka, kisha basi hadi Vaduz, mji mkuu.

Agiza Käsknöpfle. Rojo zito la unga wa ngano na mayai husukumwa kwenye kibao chenye matundu, lidondokee maji yanayochemka. Vidonge vikielea huopolewa, vikachanganywa na jibini iliyokunwa, juu vikamwagiwa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia. Pembeni huletwa tufaha lililopondwa. Usilicheke, ndilo linalokata mafuta ya jibini.

Ukikuta Ribel, onja: unga wa mahindi uliopikwa, ukakaangwa kwa siagi hadi ukawa chengachenga. Mla ugali ataguna kwanza, kisha ataongeza.

Kama huli nguruwe, uliza kabla ya kuagiza. Na usiende Jumapili, maduka mengi hufungwa.