Kalipa kubwa ndani ya rimu za inchi 17

Ndugu yangu, umeuliza kama kalipa za pistoni nne (vibanio vya breki vinavyokamata diski) zitaingia kwenye rimu zako za aloi za inchi 17. Inchi peke yake haitoshi, mara nyingi kinachogusa ni mgongo wa spoku. Mimi nilipima hapa Mwanakwerekwe kwa unga wa chapati: gandisha donge juu ya kalipa na ubavuni, funga rimu bila ya tairi, kaza nati, zungusha kwa mkono taratibu, kisha fungua. Unene wa unga uliobaki ukiwa chini ya milimita 3, rimu hiyo iache. Angalia na vyuma vya balansi (vizito vidogo vya kusawazisha gurudumu) vilivyogandishwa ndani ya rimu. Changu kimoja kilikwaruza kalipa njia nzima ya Nungwi. Spesa nene (kipande cha kusogeza rimu nje) bila ya stadi ndefu (boliti zinazokazwa nati za rimu), nakuomba sana, usithubutu: nati inashika meno machache tu.