Skana Inayodai Nywila ya Msimamizi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani katika shule ya sekondari mkoani Ruvuma. Ofisi yetu imepewa skana ya Canon LiDE 110 iliyokwisha kutumika, ili tuhifadhi nakala za vyeti na fomu za wanafunzi. Kompyuta yangu ni ya zamani, inatumia Windows 7, na akaunti niliyopewa ni ya kawaida. Kila nikianza kusakinisha draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia skana, hutokea dirisha linalodai nywila ya msimamizi, ambayo anayo afisa TEHAMA wa halmashauri peke yake, naye hufika kwetu kwa nadra. Mpwa wangu anasema anaweza kuifuta nywila hiyo kwa kutumia flashi. Je, nimruhusu? Na nisipomruhusu, nifanyeje?
Karani, Ruvuma

JIBU: Usimruhusu. Hila anayoisema mpwa wako ipo kweli, lakini kompyuta hiyo ni mali ya umma, na kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe unayeitumia kila siku. Isitoshe, faili zozote ambazo msimamizi alizifunga kwa usimbaji wa Windows (kuzigeuza ziwe fumbo lisilosomeka bila ufunguo) katika akaunti yake huenda zisifunguke tena baada ya nywila kubadilishwa kwa njia hiyo.

Jambo ambalo wengi hawalijui, wakiwamo baadhi ya mafundi, ni kwamba kwa kazi yako nywila hiyo inahitajika mara moja tu. Tangu Windows Vista, mfumo una ghala la draiva, yaani folda iitwayo DriverStore iliyo ndani ya System32. Msimamizi akishaingiza humo draiva yenye sahihi halali ya kidijitali, yaani alama inayothibitisha aliyeitengeneza, mtumiaji wa akaunti ya kawaida anapochomeka skana, Windows huichukua draiva hiyo ghalani na kuisakinisha bila kudai nywila. Kwa hiyo afisa wenu hahitaji hata kuwa na skana mbele yake: afungue dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, aandike pnputil -a ikifuatiwa na mahali lilipo faili la draiva lenye kiambishi .inf, kisha aendelee na safari yake. Naipendelea njia hii kwa sababu nyingine pia, kwamba ukihamishia waya kwenye tundu jingine la USB, Windows huweza kuihesabu skana kuwa kifaa kipya, na draiva ikiwa tayari ghalani hutalazimika kumwita mtu tena.

Kazi yako ni kumwandalia mambo yote ili asipoteze muda. Chomeka skana, kisha fungua Device Manager, yaani orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta. Utapewa onyo kwamba huna ruhusa ya kubadilisha chochote. Bofya OK tu, kwa kuwa kutazama hukukatazwa. Tafuta kifaa chenye alama ya manjano, fungua sifa zake, na katika ukurasa wa Details uchague Hardware Ids. Kwa skana yako unapaswa kuona VID_04A9, ambayo ni namba ya Canon, pamoja na PID_1909, ambayo ni ya LiDE 110. Namba hizo zikiwa tofauti, basi kilicho mezani si kile kilichoandikwa kwenye kasha, na draiva mtakayoitafuta itakuwa nyingine.

Angalia pia katika sifa za kompyuta kama Windows yenu ni ya biti 32 au 64, maana draiva iliyotengenezwa kwa biti 32 pekee haitafanya kazi kwenye mfumo wa biti 64 hata ikisakinishwa na msimamizi mwenyewe. Draiva ichukuliwe katika tovuti ya Canon, si katika zile tovuti zinazojitangaza kuwa na draiva za kila kifaa, ambazo mara nyingi huambatanisha programu usizoziomba. Na Windows 7, kwa kawaida, haipati tena masasisho ya usalama tangu tarehe 14 Januari 2020, hivyo kinga yake dhidi ya programu kama hizo ni ndogo.

Ikiwa mfumo utakataa kwa kudai kwamba sahihi ya draiva haiwezi kuthibitishwa, tatizo laweza kuwa kwamba kompyuta haijawahi kupewa sasisho KB4474419 la mwaka 2019, linaloiwezesha Windows 7 kutambua sahihi za aina ya SHA-2. Mwombe afisa aje nalo kwenye flashi, kwa sababu nalo huhitaji nywila yake.

Draiva ikikubali, huhitaji programu nyingine ya kuskania. Windows Fax and Scan imo tayari, na hata Paint ina chaguo la kuleta picha kutoka kwenye skana, ingawa kwa vyeti vingi utaichoka upesi.

Wakati mnamsubiri afisa, iulizeni ofisi yoyote ya karibu ya serikali yenye mashine kubwa ya fotokopi. Nyingi huskani na kuandika PDF moja kwa moja kwenye flashi, na faili hizo utazifungua kwenye kompyuta yako bila draiva yoyote. Vyeti vya wanafunzi visimamiwe na wewe mwenyewe hadi vitakaporudi kabatini, na nakala zisibaki kwenye flashi ya kuazima.