Kijana wa teknolojia, ujue cha kuomba Leta na cha kutafuta ku soko

Vijana wenye kujifunza kutengeneza simu ku atelie yangu hapa Kadutu, Bukavu, Kongo, wanabishanaga kila siku: wamoja wanasema Leta (ni kusema serikali) ikitoa feza tutavumbua, wengine wanasema Leta ikae mbali, soko peke yake inatosha. Mimi niko na miaka mingi ndani ya kazi ya simu na mapano ya jua, na ushauri wangu ni huu, kila upande uombwe kazi yenye unaweza.

Nafunguaga simu mbele yao. GPS, ile inaonyesha simu iko wapi, ni kazi ya jeshi la Marekani, satelaiti ya kwanza ilirushwa 1978, mfanyabiashara gani angetoa feza yote ile bila kujua atauzia nani? Intaneti ilianzia ku ARPANET, mtandao wa kompyuta wa 1969, feza ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Angalia sasa bateri ya lithiamu: John Goodenough na wenzake waligundua ku Oxford mwaka 1980 kwamba kobalti (ile ile tunachimba Kolwezi) inafaa ndani yake, lakini ilifika ku maduka 1991 na ni Sony njo iliiuza. Ile miaka 11 ya katikati, mutu anayetaka faida haraka hawezi kuivumilia.

Lakini Leta peke yake nayo, hapana. Wasovieti walirusha satelaiti Sputnik 1957 mbele ya dunia yote, na raia wao wakaendelea kungoja simu ya nyumbani miaka na miaka. Na kwetu, simu za Leta ya Zaire zilikuwa zimekufa wakati Miko Rwayitare na Joseph Gatt walianzisha Telecel Kinshasa mwaka 1986, kati ya mitandao ya kwanza ya simu ya mkononi ku Afrika. Ilikuwa ya wakubwa tu, kweli, mama muuza sambaza (samaki wadogo wa ziwa) alipata simu miaka ya 2000, makampuni yalipokuwa mengi na kugombania wateja.

M-Pesa yenyewe, yenye watu wa soko huru wanasifu sana, ilijaribiwa na feza ya serikali ya Uingereza, kisha Benki Kuu ya Kenya ikaiacha ianze 2007 huku inaichunga. Huku kwetu ikafika 2012.

Kwa hiyo wewe mwenye wazo, anza na mutu mwenye kulipa. Nilimuwekea mama moja mapano na bateri kwa ajili ya friza yake ya samaki, akaniambia shida yake si umeme tu, anataka ajue mbele ya kulala kama bateri itafika asubuhi, juu friza ikizima usiku, feza yote imeoza. Hakuna ofisi ya Leta ingelijua ile, nami nikaanza kuweka kaskrini kadogo ka bateri kwa kila mteja.

Lakini barrage (bwawa la umeme) ya Ruzizi II, ya 1989, ni Zaire, Rwanda na Burundi njo walijenga pamoja, na sisi mafundi hata tukichanga wote hatuwezi. Basi ukienda ku Leta usiombe zawadi ya "kijana mvumbuzi", andika karatasi moja tu: line ya umeme ya kartie (mtaa) yetu inakatika masaa mangapi kwa juma, pano moja inalipa kodi ngapi ku mpaka, na mihuri mingapi wanaomba mbele ya kufungua atelie.