Barua kwa mwanangu: Kimvita chetu

Mwanangu,

Umeniuliza kama mzungumze Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, na mjukuu wangu au mshike Kiswahili sanifu, maana mwakani anaanza shule. Nitafika huko. Kwanza ujue lugha yetu iliitwaje kosa, kwa sababu kusanifisha si kusahihisha.

Mshairi Muyaka bin Haji alikuwa keshatunga kwa Kimvita kabla mmishonari Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844. Baadaye wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana, wakashika Kimvita; wa UMCA, shirika jingine la Kianglikana, waliokuwa Unguja pamoja na Askofu Steere, wakashika Kiunguja, lahaja ya kule. Kiunguja kilikuwa kimeshafuata misafara ya biashara hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Wajerumani wakakitumia katika utawala wao, kwa maakida, yaani maafisa wao wadogo, na shuleni. Basi mkutano wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifuata njia za biashara na za serikali. Na ulifanyika hapa hapa Mombasa! Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne, ikawa ndiyo inayopitisha vitabu vya shule.

Tahajia nayo ikapunguza mengi. Sisi tukitamka kaa wa baharini, pumzi hutoka pamoja na k; kaa la moto halina pumzi hiyo. Paa wa mwituni na paa la nyumba ni vivyo hivyo. Kwenye karatasi yote sawa, na mtoto anayejifunza kwa kusoma tu hatasikia tofauti.

Insha yako ya darasa la nne bado inaniuma. Uliandika "mama akaniambia ndoo", yaani njoo, mwalimu akazungushia wino mwekundu, akauliza pembeni: "Ndoo ya maji?" Ulirudi nyumbani ukaacha kusema ndia na ndaa, ukasema njia na njaa, ukawa unamrekebisha hata bibi yako. Kusanifisha si kusahihisha, lakini nani angemwambia mtoto wa umri ule?

Hata hivyo, bila lahaja moja ya kuandikia, kitabu cha Tanga kisingesomwa Kisumu. Na lau wangechukua Kimvita, Waunguja ndio wangekuwa wananung'unika leo. Nalikubali hilo. Lakini kuchagua ni jambo moja, kumpiga mtoto alama ya kosa ni jingine.

Mkiamua kumpa Kimvita, mpeni kwa masikio kwanza: hadithi, mashairi, mazungumzo na bibi yake. Akianza kuandika, mwonyesheni mpangilio wenyewe: nd yetu mara nyingi ni nj ya shuleni, ndia ni njia, t yetu ya meno mara nyingi ni ch, mtele ni mchele, kuteka ni kucheka. Si kila neno, ndoo ya maji hubaki ndoo, kwa hiyo asibadilishe kwa kukisia. Mwambieni hii ni ya nyumbani na hii ni ya daftari, wala asisikie neno "mbaya" hata siku moja.

Uamuzi ni wako na mkeo, nami nimeahidi kutowaingilia. Ila bibi yako Kiunguja hakisemi, na mtoto atashinda kwake kila Jumamosi.

Mamako