Mkasi Niliong'ang'ania

Kwa miaka minne mkasi wa kukatia haukutoka mkononi mwangu. Mafundi wangu watatu pale Sinza walishona, wakapiga ovaloki, wakapasi, lakini kitambaa cha mteja nilikata mimi. Msimu wa harusi sare za kamati zinarundikana, mafundi wamekaa kwenye vyerehani wakinisubiri, nami nakata hadi saa sita usiku. Niliamini huko ndiko kujituma.

Kilichonifumbua macho ni msiba. Nilikwenda Korogwe kumzika shangazi. Siku ya kwanza tu nilipigiwa simu 17 kutoka ofisini. "Mama, hili gauni zipu nyeusi au ya krimu?" "Mama, mteja anaomba apunguziwe elfu mbili." Nimekaa kwenye jamvi na wafiwa, najibu habari za zipu! Na aliyeuliza ni fundi mzoefu, jibu analo. Ila nilishamzoesha kwamba jibu hutoka kwangu. Kazi niliwapa, maamuzi nikayafungia kabatini.

Wengi watakushauri uanze kugawa yale madogo madogo. Mimi nakwambia tazama foleni inaanzia wapi. Kwangu ilianzia kwenye meza ya kukatia, kwa hiyo nilianza na mkasi. Nilimchagua binti aliye makini na chaki, si yule mwepesi wa mashine. Wiki mbili alikata vitambaa vya bei rahisi mbele yangu, nikimwonyesha namna ya kuliweka ua la kitenge likae katikati ya kifua. Tukafungua na daftari: kila oda na ukurasa wake, vipimo, kipande cha kitambaa kimebanwa kwa pini, tarehe ya kuchukua. Zamani nusu ya hayo yalikuwa kichwani mwangu, na cha kichwani hakikabidhiki.

Wiki ya tatu akakata mikono miwili ya upande mmoja. Kitenge cha mteja, na hakikubaki kipande. Damu ilinichemka, mkono ukaufuata mkasi. Sikuuchukua. Tulikwenda wote Kariakoo, tukazunguka Mtaa wa Kongo mpaka tukapata kitenge kilekile, nikalipa shilingi 30,000, tukarudi, akakata yeye. Hapa nakusihi uvumilie. Ukimnyang'anya mtu kazi kwa kosa la kwanza, hataipokea tena kwa moyo, na wenzake wanakutazama.

Maamuzi nayo nimeyatoa kabatini: fundi mkuu sasa anaweza kumpunguzia mteja kiasi kisichozidi shilingi 5,000, na kununua vifaa visivyozidi 20,000, bila kuniuliza. Anaandika, jioni tunahesabu pamoja.

Kumpima bibi harusi bado nampima mwenyewe. Mtu huyo anakuja na hofu zake, na picha kumi kwenye simu zisizofanana, na mama yake pembeni anataka kingine kabisa. Siku hizi nina muda wa kukaa nao na kuwasikiliza.