Maswali ya wafanyakazi: kikokotoo cha pensheni, kato la chama, na nani anaruhusiwa kubishana na serikali

Maswali yamejaa kwenye simu yangu na mengi yanafanana, kwahiyo nimeyakusanya niyajibu hapa kwa pamoja. Majina nimeyatoa, nimebakiza tu sehemu mtu anapotoka, maana wengine wana mabosi wanaosoma kila kitu. Nimekuwa kwenye uongozi wa tawi hapa Mbeya miaka mingi, penye sheria nataja sheria, penye maoni yangu mtaona wenyewe kuwa ni maoni yangu.

Kaka, Mei Mosi 2025 kule Singida rais alitangaza asilimia 35.1, mbona mimi sijaiona kwenye mshahara? Tumedanganywa? (Mtumishi wa halmashauri, Mbarali)

Ndugu yangu, ile 35.1 ilikuwa ya kima cha chini cha serikali, kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai 2025. Wa ngazi za juu wanaongezewa kwa kiasi kingine kabisa kutegemea bajeti, na kadiri unavyopanda ngazi asilimia inazidi kuwa ndogo. 2022 ilitokea hivihivi, ikatangazwa 23.3, watu wakazidisha mishahara yao yote kwa 23.3, wengine wakaenda kukopa kabisa, Julai ilipofika kila mtu akashika kichwa. Kwahiyo uongo sio neno lake, ila hapa vyama vyetu nawalaumu waziwazi, wao ndo wanakaa mezani na serikali, wangedai jedwali la kila ngazi litolewe sikuile ile ya tangazo ili mtu ajue chake kabla hajapiga makofi.

Na hata huyo wa 500,000 haendi nayo nyumbani. Mfuko wa pensheni asilimia 5, ni 25,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 15,000. Chama asilimia 2, ni 10,000. Kodi inaanza kuhesabiwa juu ya 270,000 kwa asilimia 8, ukishatoa ile ya pensheni inakuja kama 16,400. Anabaki na 433,600, hapo bado mkopo, bado nyumba ya kupanga. Ndo maana kila Mei Mosi tunapigia kelele kodi ya mshahara na sio mshahara peke yake, hiyo asilimia 8 ilikuwa 9 mpaka 2021 na huko nyuma ilikuwa 11, haikushuka yenyewe.

Mimi ni mwalimu Chunya, chama kinanikata kila mwezi na sijawahi kujaza fomu yoyote. Hii ni halali? Na nikitaka kutoka nafanyaje?

Mwalimu wangu, hili swali nimeulizwa na walimu wengi mno. Kuna makato ya aina mbili. La kwanza ni ada ya mwanachama, hiyo lazima uwe umejaza fomu ya TUF 6 na kusaini kwa mkono wako. La pili ni ada ya uwakala, hii sheria ya ajira ya 2004 kifungu cha 72 inaruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kikubaliane na mwajiri kwamba hata asiyekuwa mwanachama akatwe, kwa sababu mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, ukipatikana na yeye anafaidika. Ila kuna masharti, na masharti haya ndo watu hawaambiwi: isizidi ada ya mwanachama, iwekwe akaunti ya peke yake, itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapohapo tu, isiende kwenye chama cha siasa, na asilazimishwe mtu kuwa mwanachama.

Kwahiyo kabla hujagombana na mtu nenda kwa afisa utumishi, uliza unakatwa kama nani, mwanachama au wakala? Kama ni mwanachama omba kuiona fomu yako. Wakishindwa kuionyesha una hoja nzito. Kama kweli ulijaza na sasa hutaki tena, unaandika notisi ya mwezi mmoja, nakala kwa mwajiri na nakala kwa chama, basi. Weka nakala yenye mhuri wa kupokelewa, bila mhuri watakuambia barua haikufika.

Lakini nikuombe kitu. Hasira ya walimu naielewa, mtu anakatwa miaka 20 anachokiona ni tisheti na kofia ya Mei Mosi. Ila ukitoka wewe na wenzako kumi wenye akili ya kuhoji, tawi linabaki na wale wasiouliza mapato na matumizi. Mkutano wa tawi ukiitwa nenda, uliza hela imeenda wapi, gombea hata uwakilishi wa shule.

Mwanangu, nastaafu karibuni hapa Njombe baada ya miaka 30. Kila mtu ananiambia lake kuhusu kikokotoo. Niambie ukweli nitapata nini.

Shikamoo mama. Naomba ushike kalamu tuhesabu pamoja, nachukulia wastani wa mishahara yako mizuri ya miaka mitatu ni milioni 1 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka, na miezi yako ya kazi ni 360.

Zamani kwa waliokuwa PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi, miezi 360 inagawanywa kwa 540, mara milioni 12, unapata milioni 8, hiyo ndo pensheni ya mwaka mzima. Nusu yake inazidishwa mara 15.5 unalipwa kwa mkupuo, yaani mara moja unapostaafu, milioni 62. Nusu iliyobaki unalipwa kila mwezi, kama 333,000.

Mwaka 2018 mifuko ikaunganishwa ikawa PSSSF, kanuni mpya zikaleta mkupuo wa asilimia 25, kelele zikawa kubwa nchi nzima na mwezi Desemba mwaka huohuo Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja ya asilimia 33. Hapo 540 inakuwa 580 na ile 15.5 inakuwa 12.5, mkupuo wako ungekuwa milioni 30.7 na kila mwezi kama 416,000. Kelele zikaendelea, vyama vikabana, wabunge wakabana, bajeti ya 2024 ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa mliotoka kwenye kundi la asilimia 50, yaani PSPF na LAPF. Kwa mfano wetu ni milioni 37.2 mkononi na 372,000 hivi kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yako.

Sasa angalia hapa mama. Ukilinganisha na zamani mkupuo umepungua karibu milioni 25, mwezi umeongezeka kama 39,000. Kuirudisha hiyo milioni 25 kwa 39,000 kila mwezi unahitaji zaidi ya miaka 50. Hesabu hii kila mtumishi angeifanya kwa mkono wake, maana wengi tunabishana asilimia tu, 33, 40, 50, wakati kilichokata hela nyingi ni zile namba zingine mbili ambazo hakuna anayezitaja, 580 na 12.5. Wanachama wakinisikiliza, mazungumzo yajayo tudai hizo.

Serikali inasema mifuko ingekufa na mimi silipuuzi hilo, mfuko ukifa anayeumia ni mstaafu wa kesho. Ila tuulize pia mfuko uliumia kwa sababu gani. Watumishi wa kabla ya Julai 1999 hawakuwa wanachangia PSPF, serikali ilibeba jukumu la kulipia miaka yao na haikulipa kwa wakati, deni likawa matrilioni, mpaka ilipokuja kutoa hati fungani ya trilioni 2.17 mwishoni mwa 2021. Mfanyakazi hakuhusika na deni hilo hata kidogo.

Na jirani yako aliyetoka PPF, mfuko mwingine wa zamani, akikwambia yeye amefurahi usimshangae, wao walikuwa na mkupuo wa asilimia 25 tangu zamani, ikaja 33, sasa 35, kwao imepanda. Hapo ndo tuligawanyika.

Kamwene! Sisi ni vibarua wa msimu kwenye chai, Mufindi. Msimamizi anasema kibarua haruhusiwi chama na anayeongea ongea msimu ujao haitwi. Halafu kwenye mzani wanatukata kilo mbili kila gunia wanasema ni maji. Tufanyeje?

Kamwene sana. Msimamizi anawatisha tu. Sheria inasema mfanyakazi, haijasema wa kudumu peke yake, mna haki ya kujiunga na chama na kwa mashambani kipo TPAWU. Kumfukuza mtu kwa sababu ya chama ni kosa, na malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Siku 30 zikipita unaanza kuomba kuruhusiwa kwanza, wengi wanapotezea hapo.

Msianze na ugomvi, anzeni na majina. Chama kikitaka kutambuliwa na mwajiri kama msemaji wenu lazima wanachama wawe zaidi ya nusu, kwahiyo mkiwa watu saba wenye hasira mtaumizwa, mkiwa wengi mwajiri mwenyewe anaita kikao.

Hilo la mzani linaniuma. Mtu ameamka saa kumi na moja kwenye ule ukungu wa Mufindi, mikono imekufa ganzi, anafika bandani karani anaangalia mshale, anatamka namba, anaandika nyingine. Kila mmoja awe na daftari dogo, aandike tarehe, kilo alizoziona yeye na kilo zilizoandikwa. Wiki nne za madaftari ya watu 30 yenye hadithi moja huo ni ushahidi, mbele ya msuluhishi una nguvu kuliko kelele. Mahesabu ya kilo yakiisha angalieni pia mwezi mzima unatoa shilingi ngapi, maana kulipwa kwa kilo hakumruhusu mwajiri ashuke chini ya kima cha kilimo. Amri ya mishahara ya 2022 ilikuwa 140,000 kwa mwezi na tangu Januari 2026 kuna amri mpya iliyopandisha, ombeni nakala ofisi ya kazi Iringa.

Mimi nesi, hospitali moja Iringa. Tunaweza kugoma?

Hapana dada yangu. Afya ipo kwenye huduma muhimu pamoja na maji, umeme, zimamoto na uongozaji ndege, mgogoro wenu unaenda kwenye usuluhishi na ukishindikana kwenye uamuzi. Sipendi jibu hili maana 2012 tuliona madaktari walivyogoma na mambo yaliyofuata, lakini ndo sheria ilivyo na sitaki ukafukuzwe kwa ushauri wangu.

Kwanini TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, wasiite watu barabarani kuhusu kodi na maisha magumu? Au ni kweli mfanyakazi akipinga sera ya uchumi anakuwa mpinzani? (Kijana, Uyole)

Mdogo wangu, sheria ileile ya 2004 kifungu cha 85 inaruhusu kabisa. Mbali na mgomo dhidi ya mwajiri, chama kilichosajiliwa au shirikisho linaweza kuitisha hatua ya kupinga kwa ajili ya maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi. Unapeleka notisi kwenye baraza linaloitwa LESCO ukieleza sababu, unasubiri siku 30, halafu unatoa notisi ya siku 14 kabla ya kuanza. Kwahiyo kubishana na sera ya uchumi sheria inakutambua kama mfanyakazi, haikuulizi una kadi ya chama gani cha siasa.

Kwanini hawafanyi? Historia. TFL ya 1955, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la kina Kawawa, ilikuwa na meno, iligoma mpaka mkoloni akahangaika. Baada ya maasi ya jeshi Januari 1964 ikavunjwa ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wa NUTA huyohuyo akawa waziri wa kazi, sasa unamlalamikia nani? Ikaja JUWATA, ikaja OTTU, mpaka TUCTA ya sasa, kisheria vyama viko huru lakini mazoea ya kuomba badala ya kudai yalibaki. 2010 walijaribu, wakadai kima cha chini 315,000 na kutangaza mgomo mwezi Mei, Kikwete akaongea na wazee wa Dar es Salaam akasema serikali haina uwezo huo na kura za wafanyakazi wakitaka wamnyime, mgomo ukafa. Walimu wakagoma mwisho wa Julai 2012, baada ya siku chache mahakama ikasema ni batili.

Na huku kwetu tunakumbuka, Mei Mosi ya kitaifa ilikuwa uwanja wa Samora Iringa 2018, mwaka uliofuata ikaja uwanja wa Sokoine hapa Mbeya, miaka miwili mfululizo watu wamekaa juani wakisubiri nyongeza na jibu la Magufuli lilikuwa hela inaenda kwenye reli, bwawa na miradi mikubwa, mishahara itapanda kabla muda haujaisha. Unaweza ukakubali reli ni ya muhimu, mimi nakubali, lakini mtu anayelipia reli kwa mshahara uliosimama ana haki ya kuuliza kwanini alipie yeye na sio mwingine, na akiuliza asiitwe msaliti. Uliza wafanyakazi wa TAZARA pale Iyunga waliokaa miezi bila mshahara kama swali lao lilikuwa la siasa.

Nina duka Mwanjelwa. Juni 2024 tulifunga maduka kwa sababu ya kodi na faini za mashine za risiti, ule mgomo wa Kariakoo ulipofika Mbeya. Sisi nasi ni kama wafanyakazi, au? (Mama wa duka)

Mama, madai yenu yalikuwa ya kweli na serikali ilikaa nanyi, nimefurahi. Ila kisheria mfanyabiashara sio mfanyakazi, hamna kinga ya sheria ya ajira mkifunga duka, nguvu yenu ni jumuiya yenu.

Lakini naomba nikuulize na wewe. Yule binti anayekuuzia duka siku ulizofunga ulimlipa? Ana karatasi yoyote inayosema mshahara wake? Huyo ndo mfanyakazi, na wewe ndo mwajiri. Masaa yasizidi 45 kwa wiki, likizo siku 28 kwa mwaka, NSSF asilimia 20 ambayo yeye hatakiwi kukatwa zaidi ya nusu yake. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: jina, kazi, mshahara, masaa, likizo, saini zenu wote wawili, nakala moja abaki nayo yeye. Ukishauandika nitumie nikuangalizie kabla hamjasaini.