Maswali ya Wasomaji: Madoa ya Hudhurungi Yanatoboa Rangi Nyeupe

SWALI: Nina kabati la zamani la droo, la mbao, lenye vanishi nyekundu iliyokolea. Nililipiga msasa kidogo nikapaka rangi nyeupe ya maji mikono miwili. Kesho yake madoa ya hudhurungi yakatokeza. Nikaongeza mkono wa tatu, yakarudi. Nifanyeje? Juu sijapagusa bado, nataka pabaki na sura ya mbao.

JIBU: Hata ukipaka mikono kumi, yatarudi. Mbao nyingi zina tanini, yaani kemikali ya asili yenye rangi ya hudhurungi, na vanishi za zamani zilitiwa rangi. Vyote viwili huyeyuka katika maji ya rangi yako na kupanda nayo inapokauka. Kinachotakiwa ni kizuizi. Praima (rangi ya kwanza ya chini) ya shelaki, utomvu wa wadudu unaochanganywa kwa spiriti, ndiyo ya uhakika. Ya mafuta iliyotengenezwa kuzuia madoa inaifuata kwa mbali kidogo. Praima ya kawaida ya maji itakurudisha ulipoanzia.

Huna haja ya kubandua ulichopaka, mradi kimeshika. Bandika utepe wa kunata, uuvute kwa nguvu: ukija na rangi, toa yote. Usipokuja nayo, ondoa mng'ao kwa msasa namba 180, futa vumbi, paka praima mikono miwili myembamba, kisha uache usiku kucha. Doa likionekana juu ya praima, rudia hapo hapo kabla ya kugusa rangi. Lakini ukikuta chini kuna rangi ya miaka mingi, usiipige msasa mkavu kabla ya kuipima: huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Juu ni kazi nyingine, kwa sababu steni, rangi inayoingia ndani ya mbao bila kuficha nyuzi zake, haiingii ila kwenye mbao tupu. Kwanza tazama ukingoni. Nyuzi za juu zisipoendelea kwenye unene wa ubao, hiyo ni vinia, tabaka jembamba la mbao lililogundishwa juu, na mara nyingi haifiki hata milimita 1. Mashine ya msasa itaitoboa kabla hujashtuka. Tumia dawa ya kubandua vanishi na kikwangulio butu, kisha msasa wa mkono namba 150 na 180, ukifuata nyuzi. Ukitumia msasa laini kuzidi namba 220, mbao inang'aa na kugoma kunywa steni.

Jaribu steni mahali pasipoonekana. Paka kwa kitambaa, ngoja dakika 5 hadi 10, futa yote iliyobaki juu. Wengi huiacha wakidhani itakolea. Hubaki inanata siku nzima. Ikiwa mbao ni msonobari, tangulia na shelaki nyepesi isiyo na nta, la sivyo itatoka mabaka. Steni ikikauka, paka vanishi mikono 2 au 3. Vitambaa vyenye steni ya mafuta usivikunje kwenye pipa, huweza kujiwasha moto vyenyewe. Vianike nje vimetandazwa.

SWALI: Droo zimekwama baada ya kupakwa rangi.

JIBU: Ubavu wa droo na reli zake havipakwi. Kwangua rangi hapo, sugua mshumaa. Zikinata usoni tu, rangi haijakomaa ingawa imekauka: huchukua wiki 2 hadi 4. Ziache wazi kidogo.